Mistari Iliyonyooka Mno

4 Machi

Dada,

Simu siwezi. Nikitazama kioo chake dakika mbili tumbo linageuka kama niko kwenye gari linalorudi nyuma, na nikiiweka sikioni sauti yako inaniingia kama msumari. Ndiyo maana nakuandikia barua, kama walivyofanya babu zetu. Mke wangu ataipeleka posta akienda kuuza miche yake.

Najua ameshakusimulia, na najua anavyosimulia, kwa hiyo nisikilize na mimi. Sikuanguka. Nilikuwa nimechuchumaa nikimalizia herufi ya mwisho chini ya dirisha la duka la dawa, dirisha la chuma linalofunguka kwa nje. Nikainuka kwa ile furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Kichwa na chuma vikakutana. Sikuzimia, sikutapika, damu ilikuwa tone moja. Nilicheka, na mwenye duka naye akacheka. Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Hospitali walinipiga picha ya kichwa wakasema safi, hakuna kitu, nenda kapumzike.

Sasa kama hakuna kitu, mbona sakafu inanisogea? Mbona nikigeuka haraka ukuta unachelewa kunifuata? Taa ikiwashwa nafumba macho, vijiko vikigongana nataka kupigana. Mke wangu amefunga mapazia yote, nimelazwa gizani kama viazi vya mbegu. Wageni wanaingia wakinong'ona, utadhani wananiaga.

Kuna jambo linaloniumiza kichwa kuliko kichwa chenyewe. Kiwanda cha unga kimenipa ukuta wake wa mbele, ghorofa nne, herufi ndefu kunizidi mimi. Kazi inaanza mwishoni mwa Aprili. Unajua mafundi wenzangu wameniita Bila Kamba miaka kumi na tisa, kwa kuwa wao hupiga kamba ya chaki ukutani kabla ya kuandika, mimi sipigi na mstari haupindi. Msimamizi wa kiwanda anataka barua ya mtaalamu kwamba naweza kupanda jukwaa. Mtaalamu ni wewe, unayewatibu watu kwa mazoezi. Niambie ukweli, nitapanda tena au ndiyo basi?

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Utapanda. Nimeanza na hilo ili usiruke mistari ukilitafuta. Ila hutapanda kwa sababu tumenyonya ziwa moja. Utapanda mwili wako ukiwa tayari, na mimi ndiye nitakayesema.

Picha ya kichwa inaonyesha kama kuna kilichovunjika au kinachovuja. Haionyeshi vitu vinavyofanya kazi. Ukiipiga picha redio utaona haijapasuka, hutajua kama inashika stesheni. Ulichopata ni mtikisiko wa ubongo, ule unaoitwa mdogo na watu ambao hawajaupata.

Ubongo wako unajua uko wapi kwa kuwauliza mashahidi watatu: macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na maungio yake. Siku zote walikuwa wanasema neno moja. Baada ya lile dirisha, mmoja anachelewa, mwingine anatia chumvi, na hakimu anachoka kuwasuluhisha kutwa nzima. Uchovu wake ndio kichefuchefu chako, ndio ugomvi wako na vijiko. Huna wazimu na hujidekezi.

Tuwahoji mmoja mmoja. Wifi ashike saa na aandike. Kwanza, shika kalamu mbele yako, isogeze taratibu kuelekea puani, useme inapokuwa mbili. Pili, bandika herufi moja ukutani, itazame huku ukitikisa kichwa kulia na kushoto, useme kama inabaki imetulia. Tatu, kunja godoro dogo, simama juu yake miguu pamoja, mikono kifuani, macho umefumba. Hesabuni sekunde mpaka uyumbe.

Kipimo cha nne nimeshakifanya mwenyewe. Umeandika kwenye karatasi isiyo na mistari, na kila mstari wako unateremka kuelekea kulia. Ukifika mwisho umeshuka upana wa kidole kizima. Wewe, Bila Kamba! Huoni, kwa sababu jicho lililoandika ndilo linalosoma. Endelea kuniandikia hivyo hivyo, barua zako ndizo zitakuwa kipimo changu. Nimewaonyesha wenzangu kazini na sikukosa kujisifu kidogo.

Mwambie wifi afungue mapazia. Giza la siku mbili tatu ni mapumziko, la wiki tatu linakuwa ugonjwa mwingine.

Dada yako


17 Machi

Dada,

Kalamu ilikuwa mbili ikiwa bado mbali na pua kiganja kizima na nusu. Herufi ukutani haikutulia, ilirukaruka kama mbuzi, na nilitapika kidogo. Godoro, sekunde sita. Mke wangu alinidaka kwa shati na kifungo kikakatika, sasa ananidai nimshukuru na mimi namdai kifungo.

Nimeisoma ile habari ya mistari yangu kuteremka mara kumi. Nilimwita mke wangu aweke rula. Ni kweli. Dada, ya kuyumba naweza kuyavumilia. Hiyo ya mistari usimwambie mtu yeyote.

Mapazia yamefunguliwa. Nimevaa kofia ndani ya nyumba.

Mdogo wako


23 Machi

Mdogo wangu,

Majibu yako ni mabaya na mimi nimefurahi, maana sasa tunajua pa kushika. Sekunde thelathini ndizo tunazozitaka. Kalamu ifike karibu na pua, vidole vitatu vinne hivi, kabla haijawa mbili.

Hiki ndicho unachofanya mara tatu kwa siku. Chukua uzi wa urefu wa mkono mmoja, upitishe kwenye vifungo vitatu vya rangi tofauti (kile kilichokatika kimepata kazi). Funga ncha moja kwenye kitasa cha mlango, nyingine ishike puani. Tazama kifungo cha mbali, cha kati, cha karibu, kisha urudi. Halafu ile herufi ya ukutani na kichwa kutikisika, pole pole, nusu dakika. Halafu godoro, macho wazi kwanza, ukilizoea unafumba.

Kanuni ndiyo hii na usiivunje. Kabla ya kuanza jiulize usumbufu wako ni ngapi kwa kumi. Ukipanda alama mbili, acha, kaa, subiri ushuke ndipo uendelee. Usipousumbua kabisa ubongo haujifunzi. Ukiusumbua sana unanuna. Nataka usumbufu wa kiasi, kila siku, na namba za kweli. Sina kingine cha kukutibu nacho zaidi ya unachoniambia.

Dada yako


14 Aprili

Dada,

Keti. Umeketi? Kalamu, vidole vitatu. Herufi imetulia kama imepigiwa misumari. Godoro, macho nimefumba, sekunde thelathini, nikaongeza tano za heshima yako. Vijiko vigongane vinavyotaka. Jana nilikaa sokoni saa nzima nikimngoja mke wangu auze miche, na sikununa, mwulize.

Na itazame barua yenyewe. Itazame vizuri. Nani huyo ameandika?

Jukwaa limeshasimamishwa kiwandani, mabomba yameng'aa kuliko meno yangu. Msimamizi anaulizia barua. Najua ulitaka kuja kunipima kwa mkono wako, lakini likizo yako ni Juni na ukuta hauna subira. Vipimo ni vile vile ulivyonifundisha, na namba ndizo hizo. Niandikie, Dada. Siku sitini na mbili sijashika brashi.

Bila Kamba


19 Aprili

Bila Kamba wangu,

Nimeipokea barua yako nikiwa kati ya wagonjwa wawili na nikapiga kelele mpaka wa tatu akachungulia mlangoni. Mistari imenyooka! Nimeweka rula, sikuona hata unywele wa kuteremka. Nimepita nayo kila chumba nikiwaambia, mnaona, mtu anaweza kutibiwa kwa uzi na vifungo na stempu ya posta.

Barua ya ruhusa iko ndani ya bahasha hii. Vaa mkanda wa usalama, usipande na njaa, na siku ya kwanza usizidi saa mbili.

Nakuonea fahari. Haya, kaandike ukuta.

Dada yako


27 Aprili

Wifi yangu,

Ningekupigia simu, lakini kuta zetu ni nyembamba na masikio ya mdogo wako siku hizi yanasikia hata ninachofikiria. Naandika nikiwa kwenye kibanda cha miche. Kwanza ujue yuko hai na hana mchubuko.

Jana alipanda. Alifika jukwaa la tatu, akainua kichwa kutazama ukingo wa juu wa ukuta aanzie wapi. Mawingu yalikuwa yanakwenda kwa kasi. Anasema hakuona mawingu yakienda, aliona ukuta mzima unamwangukia. Alikaa chini akakumbatia bomba, macho kafumba, na hapo akabaki karibu saa nzima. Mchanganya rangi wake ndiye aliyepanda, akafunga mkanda wake na wa mume wangu pamoja, wakashuka kipago kwa kipago, yule akimwambia weka mguu hapa, sasa hapa. Kiwanda kizima kilisimama kutazama. Alipofika nyumbani akaingia chumbani akafunga mapazia mwenyewe.

Wifi, nilikunja lile godoro nilifunge kamba niliweke stoo, nikawa na hasira nalo. Ndani yake nikakuta rula, penseli yenye ncha kama sindano, na kifutio kilichoisha nusu. Nikakumbuka makombo ya kifutio mezani kila akikuandikia. Mimi nilidhani anachora herufi za kiwanda.

Na jingine nalitubu. Wiki ile ya sekunde thelathini mimi ndiye niliyeshika saa, lakini alisimama karibu na ukuta na kidole kimoja kilikuwa kimegusa. Nilikiona. Akasema kidole kimoja si kitu, na mimi nilitaka sana iwe si kitu.

Unisamehe. Na umwandikie. Mimi nikimwambia ananiambia nimechoka.

Wifi yako


1 Mei

Mdogo wangu,

Nimeitoa barua yako ya tarehe kumi na nne nikaiinamisha dirishani kwenye mwanga. Ipo. Chini ya kila mstari kuna mfereji wa penseli, umefutwa rangi yake lakini alama imebaki kwenye karatasi. Ulipiga mistari kwa rula, ukaandika juu yake, ukaifuta, ukasubiri wino ukauke ukafuta tena. Fundi asiyepiga kamba ukutani alimpigia kamba dada yake.

Nina hasira. Ungekufa. Ungekufa na karatasi yenye sahihi yangu mfukoni.

Na kile kidole. Kidole kimoja kikigusa ukuta, ubongo unapata habari yote unayoihitaji, ni shahidi wa nne uliyemhonga. Toa kidole, uone kama zilikuwa thelathini.

Nimemwandikia msimamizi nikaifuta ruhusa. Nimemwambia kosa ni la mtaalamu, na ndivyo lilivyo. Ningekuwa na mgonjwa mwingine yeyote nisingemruhusu kupanda hata kiti bila kumwona akisimama mbele yangu. Wewe nilikuruhusu kwa mwandiko, kwa sababu kipimo kile nilikibuni mimi na nilikipenda. Nilishika rula mkononi nikipima udanganyifu wako, na mgonjwa anayetoka sekunde sita hadi thelathini na tano kwa wiki nne ningemshuku kabla hajamaliza sentensi. Kwa hiyo hatuna wa kumcheka mwenzake. Nimewaambia wenzangu pia, chumba kwa chumba, vile vile nilivyojisifu.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwako kilishafika jukwaa la tatu. Niandikie kweli au usiniandikie kabisa.

Dada yako


9 Mei

Dada,

Mistari hii inateremka. Iache iteremke.

Bila kidole, sekunde kumi na tano. Kalamu, vidole vitano. Herufi inatulia nikitikisa polepole, nikiharakisha inaruka. Mke wangu ameandika namba zenyewe pembeni na kutia sahihi, haniamini.

Sikukudanganya ili nikuone mjinga. Uliposema mistari yangu inapinda niliogopa kuliko nilivyoogopa juu ya jukwaa. Mtu akivunjika mguu anaona mguu. Mimi nilikuwa naandika, naona imenyooka, na rula inaniambia siyo. Nikawaza kama jicho langu linanidanganya kwenye mstari, linanidanganya wapi kwingine? Sasa nikapiga mistari ya penseli ili walau karatasi moja iseme mimi ni yule yule. Ya kwanza nilifanya kujifariji tu. Kisha nikaituma. Baada ya hapo maji yalikuwa yameshamwagika.

Dada, kule juu nililia. Mchanganya rangi aliona na hajamwambia mtu, sijui nitamlipa nini.

Msimamizi alinikuta nyumbani. Nilidhani amekuja kuniambia wamempata mwingine. Alisema mvua imeharibu rangi ya chini, ukuta unapigwa upya na hautakauka kabla ya Julai. Akasema barua yako ya pili imemfanya aiamini itakayokuja ya tatu. Usiniandikie mpaka uwe na uhakika. Nitasubiri.

Mdogo wako


14 Mei

Mdogo wangu,

Sekunde kumi na tano za kweli ni zaidi ya thelathini na tano za uongo, na ni zaidi ya mara mbili ya sita. Unapona. Hilo usiliache lipotee katikati ya ugomvi wetu.

Juni nakuja. Nitalala kwenu wiki mbili nzima, mwambie wifi, na godoro lile nitalihitaji mchana. Tutamfundisha yule shahidi aliyedanganywa na mawingu, macho yako. Nitakutembezea shuka la mistari mbele ya macho ukiwa umesimama juu ya godoro, kwanza polepole. Halafu nje, kwenye ngazi, kipago cha kwanza, unatazama juu. Kipago cha pili. Utanichukia. Umewahi kunichukia na tukapona.

Dada yako


2 Julai

Wifi yangu,

Umeondoka juzi na nyumba imekuwa kubwa. Msimamizi ameisoma ruhusa yako mpya mara mbili, ile sehemu ya masharti akaisoma kwa sauti: kila asubuhi apimwe kalamu, herufi na godoro, na akihisi ukuta unaanza kusogea, ashuke. Akamwuliza mume wangu, na hiyo ya mwisho nani ataiona? Mume wangu akasema, hakuna atakayeiona isipokuwa mimi.

Ndicho kinachoninyima raha, wifi. Sekunde nitazihesabu mimi, na mikono nitaitazama safari hii. Lakini akiwa kule juu peke yake na kiwanda kizima kinamtazama kama siku ile, atasema? Wewe umemfundisha kusimama. Hili la kusema sijui nani anaweza kumfundisha.

Wifi yako


12 Julai

Dada,

Jumanne nilipimwa, yote sawa, nikapanda. Mwenye kiwanda mwenyewe alikuja na wageni wake, wamepanga viti chini kana kwamba mimi ni ngoma. Jukwaa la kwanza, zuri. La pili, zuri. La tatu nilishika brashi, nikachovya, nikatazama juu. Mawingu tena.

Haikuwa kama mwanzo, usishtuke. Ukuta ulisogea kidogo sana, kama mtu anayekaribia kupiga chafya akaghairi. Usumbufu mbili, labda mbili na nusu kwa kumi. Nikajua naweza kuendelea. Nikajua pia kwamba chini hakuna mtu duniani anayeona nilichokiona. Brashi ilikuwa imejaa rangi, na wageni walikuwa wameshaacha kuongea.

Nikairudisha brashi kwenye kopo nikashuka. Kila kipago nilisikia viti vinalia. Nilipofika chini mwenye kiwanda akauliza, vipi fundi, umesahau nini? Nikamwambia sijasahau kitu, leo ukuta unanisogea, sipandi. Msimamizi akasema, basi kesho. Kama mtu anayezungumzia mvua tu. Nilikwenda nyumbani nikala, nikalala mchana bila kufunga mapazia.

Jumatano nilipanda, nikatazama juu, mawingu yakaenda zake na ukuta ukabaki. Nimeandika herufi mbili. Zimesimama. Alhamisi mbili nyingine. Mchanganya rangi anasema niache kuimba.

Mdogo wako


17 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma jikoni, nimesimama, maji ya chai yakakauka kwenye sufuria.

Herufi nne hizo nitakuja kuziona na nitajisifu kwa kila atakayepita barabarani, unanijua. Lakini nataka ujue nilisoma wapi mara mbili. Ulipopanda Jumatano nilifurahi. Uliposhuka Jumanne nililia, nikaenda kuandika kwenye faili lako kwamba umepona.

Dada yako